Tabasamu la Mouna Kwenye Kioo cha Simu

Wale mlionisoma juma lililopita mnanikuta pale pale mliponiacha: nimekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya biro, ofisi ya Firmin mchoraji, karibu na gare ya treni hapa Kalemie, foto ya mwanangu iko mapajani.

Kwa yule anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nasema kwa ufupi. Vita vilitutoa kwetu, mji wa Bendera. Mume wangu, Idi, alikuwa fundi wa waya kwenye mtambo wa umeme kule. Siku ya kukimbia alimnyanyua Mouna, mtoto wetu wa miaka saba, akampandisha kwenye kamio, lori la mizigo. Akageuka anipandishe na mimi. Risasi zikalia, dereva akaondoka. Mtoto akaenda, sisi tukabaki barabarani na vumbi.

Kamio ilifika Kalemie salama. Watu walishuka bandarini wakatawanyika, wengine kambini, wengine kwa ndugu, wengine wakapanda boti moja kwa moja kwenda kusini. Watoto waliokuwa peke yao waliitwa kwa majina. Mouna hakuitika.

Mouna hasikii. Tangu kuzaliwa. Wala hasemi.

Sasa nendeni mkamtangaze redioni mtoto asiyesikia! Tulimtangaza. Tangazo lile lilisikiwa na kila mtu isipokuwa yeye.

Idi alimaliza kambi zote za Kalemie, akapanda boti ya wachuuzi wa samaki, akafuata pwani ya ziwa kwenda kusini hadi Moba. Mimi nilibaki, maana mtoto akirudi lazima amkute mtu. Nilibaki kwenye chumba kimoja, uani, ndani ya parseli ya wifi yangu, dada mkubwa wa Idi, Mama Mahmoudi. Chumba kina mlango unaoangalia ukuta.

Haya. Turudi kwa Firmin.

Firmin zamani alikuwa anachora vibao vya maduka: kichwa cha mwanamke aliyesuka, kuku wa kuchoma, betri ya gari. Siku hizi anachora kwa kompyuta. Aliitazama foto yangu mpaka nikaona haya, kana kwamba ni mimi ninayetazamwa.

“Mama Mouna, foto hii watu wataipita tu. Kila ukuta wa Kalemie uko na foto ya mutoto. Macho ya watu yamechoka.”

“Sasa nifanye nini?”

“Tumutembeze.”

“Tumutembeze wapi? Kama ningejua aliko, ningekuja kwako?”

Akacheka. “Foto, Mama. Tuifanye foto itembee. Tunaiweka kwenye interneti. Muntu akiigusa kwa kidole, mutoto anafanya kitu. Hapo hawezi kupita. Mouna anafanya kitu gani ambacho mutoto mwingine hafanyi?”

“Ananiita.”

“Anaita vipi, na hasemi?”

Nikamwonyesha. Anavuta ncha ya sikio, kwa sababu ya herini zangu. Halafu anagonga kidevu kwa vidole, mara mbili, kwa sababu ya kovu langu. Hiyo njo “mama”, ndiyo jina langu kwake. Hakuna aliyemfundisha. Aliitunga mwenyewe kabla hajaweza kukimbia. Idi alipokuwa anaondoka kwenda kusini aliniambia, “Nikimwona mutoto yeyote asiyesikia, nitavuta sikio. Akinijibu kwa kidevu, ni wetu.” Dunia nzima tulikuwa watu watatu tunaoijua lugha ile.

“Fanya tena,” Firmin akasema, akaninyooshea simu yake. “Polepole.”

Nikafanya tena. Tukawa wanne.

Alifanya kazi ile kwa moyo wake, nisimsingizie. Aliponiita kuja kuona, nilishika ukingo wa meza.

Ukurasa wenyewe ulikuwa hivi. Unafungua, Mouna anakutazama, kavaa lile gauni lake la njano. Ukimgusa anapepesa macho, anainua mkono, anavuta sikio, anagonga kidevu. Mkono ule ni wangu. Firmin aliupunguza, akauchora upya uwe wa mtoto, lakini ukucha wangu uliopasuka niliutambua.

Chini yake kuna maneno mawili ya kugusa. Ukigusa SIJAMWONA, Mouna anainamisha macho, anakaa chini, anakupa mgongo. Ukigusa NIMEMWONA, anatabasamu mpaka pengo la meno linaonekana. Na ukisukuma ukurasa juu, chini yake unakuta ramani ya ziwa. Pale ulipo wewe uliyesema umemwona, panatokea nukta nyekundu. Watu wa mahali pamoja wakigusa mara nyingi, nukta inanenepa. Mtu akitaka, anaacha namba yake.

“Papa Idi akiwa kule Moba ataona nukta,” Firmin akasema. “Atajua aende wapi.”

“Na mimi niguse wapi?”

“Weye usiguse, Mama. Hii ni ya wale waliomuona. Weye tazama tu.”

Alisema hivyo. Niliishia mwaka wa sita wa shule ya msingi, lakini Kiswahili nasikia. Alisema nitazame tu.

Jioni ile wanawake walijaa barazani kwa Mama Mahmoudi.

“Leta tuone huyo mutoto anayechezeshwa na telefone!”

Mama Mahmoudi ni mtu wa kweli tupu. Alishika simu, akamtazama Mouna, akagusa SIJAMWONA, maana hakumwona. Mouna akainama, akakaa, akampa mgongo.

“Eh! Mbona ananinunia? Miye si nimesema kweli?”

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mimi nilinyang'anya simu, nikaingia chumbani. Mara ya mwisho kumwona mwanangu nilimwona mgongo, juu ya kamio. Mgongo wa pili sikuutaka.

Kesho yake watu wote walikwenda sokoni. Parseli ikawa tupu, hata kuku walikuwa kwa jirani. Nikafungua ukurasa. Nilitaka kutazama tu.

Nikamgusa. Akavuta sikio, akagonga kidevu. Halafu akasimama ananitazama.

Sikujibu. Akaanza tena. Sikio, kidevu. Akangoja. Sikio, kidevu. Firmin alikuwa amemtengeneza hivyo, asichoke mpaka ajibiwe, ili mtu asimwache njiani.

Mama zangu, mnajua kuitwa na mtoto na wewe umekaa tu? Hata ukiwa na unga mikononi, hata ukiwa unaswali, moyo unasimama. Nilikuwa na majibu mawili tu pale chini. Moja linampa mtoto huzuni. Lingine linamchekesha.

Nikagusa NIMEMWONA.

Akatabasamu. Lile pengo. Nikasikia sauti ya mtu anacheka humo chumbani, na mtu mwenyewe alikuwa mimi.

Nilijiambia mara moja tu. Baadaye nikajiambia mara moja asubuhi na mara moja jioni, kama dawa. Baadaye sikujiambia kitu. Simu niliiegemeza kwenye kopo la chumvi, nikatwanga sombe, majani ya muhogo, na kila akiniita nilinyoosha kidole kilicholowa nikamjibu. Nikamweleza habari za siku. Kwamba ndakala, dagaa wetu, zimeadimika. Kwamba papa yake alipata boti. Yeye akaniita, mimi nikajibu, yeye akacheka, akaniita tena.

Ramani sikuitazama. Kuifikia lazima umsukume mtoto juu mpaka atoke kwenye kioo. Mimi nimsukume Mouna?

Siku moja Mama Mahmoudi akasimama mlangoni.

“Wifi, unaongea na nani humo ndani?”

“Siongei na mtu.”

“Nimesikia unauliza kama ameshiba.”

Nikaigeuza simu ukutani.

“Chumvi kwenye kopo haimo, mega za interneti kwenye telefone zimo. Unaishariji hiyo kitu kuliko unavyokula. Nikwambie? Yule si Mouna. Yule ni kazi ya Firmin.”

“Ana pengo lile lile.”

“Firmin alichora pengo.”

“Toka chumbani kwangu!”

Akashika kiuno. “Chumbani kwako? Njo vizuri. Leo nimekuwa mupangaji ndani ya parseli yangu mwenyewe.”

Tangu siku ile aliacha kunisemesha. Chakula changu kiliwekwa mlangoni, kimefunikwa kwa sahani. Bukari, ugali wetu, ukila peke yako unapoa haraka, sijui kwa nini. Barazani walikuwa wanacheka, na mimi nilisikia ni kicheko cha watu wanaokwenda kulala na watoto wao.

Na wale wengine, majirani, nao walikuwa na simu. Walianza kunisimamisha njiani. “Mama Mouna, leo nimepita kumusalimia mutoto wako. Amenichekea sana!” Mwingine: “Wangu hawataki kulala mpaka wamuchekeshe Mouna.” Hapa kwetu mtoto akikusalimia huwezi kumpita, utaonekana huna adabu. Walikuwa wananipa pole kwa vidole vyao. Niliwashukuru mmoja mmoja. Sikuwaambia waache. Ningewaambiaje, na mimi mwenyewe siwezi?

Ninyi mama wenye simu, msinicheke. Nawaandikia ili siku ikiwafikia mjue. Mtoto wa kwenye kioo hana njaa, haumwi, hakuchoki, na ukimgusa anakufurahia. Ndiyo hatari yake. Yule wa kweli alikuwa mahali fulani ananililia kwa njaa na kwa mafua, na mimi nilikuwa nashiba huku.

Idi hakuwa anapatikana. Kusini kule mtandao unakuja na kuondoka. Sauti yake ya mwisho kwenye simu ilisema amefika Moba, kwamba alipita vijiji vingine haraka kwa sababu ya mawimbi, na kwamba atarudi akivirudia kimoja kimoja. Nikasema, basi, Mouna, papa yako anakutafuta vizuri. Akacheka.

Asubuhi moja nilikuwa nafua. Lango likalia. Mtu mwembamba, mwenye ndevu, akaingia bila hodi. Nilimtambua kwa mwendo.

“Papa Mouna!”

Hakunisalimia. Macho yake yalinipita, yakaenda mlangoni. Kwapani alikuwa na kitu kimefungwa kwenye gazeti.

“Yuko wapi?”

“Nani?”

“Usinitanie, Mama Mouna. Yuko wapi? Amelala?”

Akavua viatu nje, akanyata kwenda chumbani kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Mlangoni akasimama, akacheka mwenyewe. “Nitazame! Nanyata, na mutoto hasikii!”

Akaingia.

Niliingia nyuma yake, povu mikononi. Chumbani kulikuwa na mkeka, beseni, na kopo la chumvi. Kwenye kopo, simu. Ndani ya simu, Mouna anavuta sikio, anagonga kidevu.

“Yuko kwa yaya, kwa dada yangu?” Idi akauliza. Alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limebaki peke yake usoni.

“Papa Mouna, kaa.”

“Sikai. Nimeona nukta. Nilikuwa Moba, mtandao ukarudi kidogo, nikafungua ule ukurasa alionitumia Firmin. Nukta ya Kalemie ilikuwa imenona kama sahani! Nikasema, mji muzima umemuona mutoto wangu. Nilipanda boti siku ile ile, mtandao umekatika tena. Boti ikasimama Zongwe kupakia ndakala, watu wakashuka kunyoosha miguu. Miye sikushuka. Nishuke kufanya nini, na mutoto yuko kwao?”

Gazeti likafunguka mkononi mwake. Kandambili za njano, ndogo, za rangi ya lile gauni.

Mama Mahmoudi alikuwa amefika mlangoni. Huyu ambaye hakunisemesha siku zote zile, ambaye kweli haimkwami mdomoni, alinitazama, akamtazama mdogo wake, akasema, “Idi, kaa kwanza, nikuletee maji.” Alikuwa ananipa nafasi. Sitamsahau kwa hilo.

“Ni mimi,” nikasema.

“Ni weye nini?”

“Ile nukta. Ni kidole changu. Na vya majirani, lakini zaidi changu. Nilikuwa namjibu. Alikuwa ananiita, Papa Mouna.”

Idi alikitazama kidole changu. Kilikuwa kina povu. Akaitazama simu. Mouna akavuta sikio, akagonga kidevu, akangoja.

Nilitaka anipige. Nilitaka apige kelele, watu wajae, nipate aibu yangu niimalize. Hakufanya lolote. Aliweka zile kandambili juu ya mkeka, moja pembeni ya nyingine, akazinyoosha zilingane. Akatoka, akavaa viatu.

“Twende kwa Firmin.”

Mimi nilitembea nyuma yake kama mgeni.

Firmin alipoelezwa alishika kichwa. “Mama! Nilikuambia utazame tu! Na miye niliona nukta inakua, nikafurahi, nikasema ukurasa wangu unafanya kazi. Sikuuliza. Nilidhani mutoto anaonekana sokoni, bado kushikwa tu.”

“Hukuuliza,” Idi akasema.

“Sikuuliza, Papa.”

“Sasa ondoa vidole vya Kalemie. Vyote.”

Firmin akaandika kwenye kompyuta. Nukta ile kubwa ilikuwa imefunika mji, imefunika mto Lukuga, imeshuka na pwani hadi mbali kusini. Ikanywea. Ikapotea. Ramani ikabaki safi.

Haikuwa safi. Chini ya pale palipokuwa na ukingo wa ile nukta yangu kulikuwa na nyingine, ndogo kama kichwa cha kiberiti. Ilikuwapo siku zote. Nilikuwa nimeikalia.

“Zongwe,” Firmin akasema.

Idi alikaa chini, si kwenye kiti, chini kwenye saruji. “Boti ilisimama pale,” akasema. “Nilikula ndakala pale, nikiwa ndani ya boti. Niliziona nyumba.”

Karibu na nukta kulikuwa na namba na jina: Emilie. Firmin alipiga, akaiweka simu mezani ili wote tusikie. Ililia mpaka nikafikiri haitashikwa.

“Allô?” Sauti ya mwanamke mtu mzima.

“Mama Emilie? Mimi ni mama ya Mouna. Yule mtoto asiyesikia.”

“Mama ya nani?”

“Ya mtoto uliyemwona kwenye simu. Ukaacha namba yako.”

“Aaa! Samahani kwa kuwasumbua, Mama. Nilimuokota bandarini hapa, anashuka kwenye boti peke yake. Mutoto wa kaka yangu akanionyesha ile foto, nikasema njo yeye, nikaacha namba. Nikangoja mupige. Halafu nikaona kule Kalemie watu wengi wamemuona wa kwenu. Nikasema basi, huyu wangu ni mwingine. Watoto waliopotea ni wengi siku hizi.”

“Hatukumpata, Mama Emilie. Ana pengo?”

“Pengo liko, hapa mbele.”

“Anafanya hivi...” nikavuta sikio, nikasahau kwamba hanioni. “Anavuta sikio, anagonga kidevu?”

“Kila asubuhi! Anasimama kwenye mulango, anaangalia ziwa, sikio, kidevu, sikio, kidevu. Miye nilisema labda sikio linamuuma. Nikamutilia mafuta ya vuguvugu.”

Nililia nikicheka. Nilimshika Firmin bega, nikamshika Idi kichwa. Idi alikuwa ameshasimama, anatafuta mlango.

“Mwambie nakuja! Mwambie nakuja na boti ya leo!”

“Mama Emilie, Mungu akuweke. Papa yake yuko hapa, anatoka sasa hivi, anakuja kumchukua.”

Nilisikia kuku. Nilisikia mtu anasafisha koo.

“Papa yake?”

“Ndiyo.”

“Mama, lakini papa yake alishakuja. Leo asubuhi. Nimemupa.”

Idi alikuwa mlangoni, mkono juu ya komeo.

“Umempa nani?” nikauliza.

“Unielewe, Mama, sikumutoa hivi hivi! Nilikataa. Nikamuambia, nitajuaje ni wako? Muntu mwenyewe ana heshima, anaongea vizuri, na begi yake. Akafungua telefone, akaweka ile foto yenu inayotembea mbele ya mutoto. Mutoto akajiona, akashangaa. Halafu ule muntu akapiga magoti, akavuta sikio, akagonga kidevu. Mara mbili. Mutoto akaruka kwenye kifua yake, akamung'ang'ania, hata miye hakuniangalia tena. Sasa ningekataa kwa nini? Muntu anayejua lugha ya mutoto, si njo muzazi?”

Mkono wa Idi ukaachia komeo.

“Mama? Uko hapo? Alisema anamupeleka Kalemie, kwa mama yake. Si njo weye?”

Simu ikakatika. Firmin akapiga tena. Haikupatikana. Akapiga tena.

Watu watatu, dunia nzima. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti hiki hiki cha plastiki nikavuta sikio mbele ya kamera, polepole, kama nilivyoombwa. Nilimfundisha Firmin, nikamfundisha Mama Mahmoudi na baraza lake, nikafundisha pwani nzima ya ziwa na kila mwenye mega kwenye simu. Idi alisema atamjua mtoto kwa alama ile. Sikufikiri kwamba mtoto naye angemjua mtu yeyote kwa alama ile ile, akamfuata.

“Ondoa huo ukurasa,” Idi akasema.

“Papa...”

“Ondoa! Sasa hivi! Kabla muntu mwingine hajajifunza!”

Firmin akainua mikono kutoka kwenye kompyuta. “Nikiuondoa, vyote vinakwenda, Papa. Foto, ramani, nukta. Haurudi.”

“Nimesema ondoa!”

Firmin akapeleka kidole kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa naitazama ramani, ile sehemu ya Zongwe, kwa sababu sikuwa na pengine pa kuweka macho.

Nukta ikatokea.

Pembeni yake, nyingine. Halafu nyingine. Zikatoka haraka haraka, kama mvua inapoanza kwenye bati.

“Nani huyu?” Firmin akasema. “Muntu muzima anagusa mara moja, anaacha namba. Nani anagusa hivi?”

Mimi nilimjua. Nimegusa hivyo siku nyingi, kwenye chumba chenye mlango unaoangalia ukuta. Hivyo anagusa mtu aliyeonyeshwa “mama” na akataka kuona tabasamu, na likiisha analitaka tena. Huyo mtu mwenye begi alikuwa amempa Mouna simu achezee, ili asilie.

Nukta hazikukaa mahali pamoja. Zilitoka kwenye nyumba za Zongwe, zikafika ufukweni, zikaingia kwenye buluu ya maji. Nikangoja zigeuke kuja kaskazini, upande wetu. Hazikugeuka. Zilikuwa zinakwenda mbele, kuelekea katikati ya ziwa, ng'ambo.

“Firmin, ondoa!” Idi alikuwa analia kwa sauti sasa.

Nilikishika kidole cha Firmin kwa mikono yangu miwili, nikakivuta kwangu.

“Usiguse,” nikasema. “Njo yeye.”

Nukta nyingine. Halafu nyingine, mbali zaidi. Halafu maji matupu, na sisi watatu tumeinama juu ya kioo, tunangoja mtoto aguse tena.